Siku Ile Sikuwa Nakutania

Ntani wangu Shaibu,

Nimekuita hivyo hivyo, kwa matamshi ya mama yako. Bi Somoe hajawahi kusema "mtu" wala "mtoto" tangu azaliwe. Kwake ni ntu na ntoto. Na mimi, binti wa bwana shamba Mngoni aliyehamishiwa Nachingwea kutoka Songea, nilikuwa ntani tangu siku aliponikuta jikoni kwake natafuna muhogo wake mbichi bila kuomba. Wewe ulitaka kuninyang'anya. Yeye akasema, "Mwache, ntani wetu huyo. Babu zake walibeba mahindi yetu, yeye kafuata muhogo." Akaniongezea kipande.

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu wewe huwezi kuipokea. Naiandika pia kwa sababu wapo watu wa Nachingwea na Naipingo walionicheka siku ya mazishi yako. Walicheka kwa nia njema kabisa, na mpaka leo hawajui kwamba walichokuwa wakikicheka kilikuwa kilio. Nimechoka kukaa nacho peke yangu.

Tangu siku ya ule muhogo hatukuwahi kuzungumza kama watu wengine. Ulipofaulu mtihani wa darasa la saba nilikuambia waliosahihisha walikuwa na usingizi. Nilipougua malaria ulikuja kuniona umebeba kamba, ukasema umetumwa kunipima urefu ili kaburi lisije likawa fupi miguu ikabaki nje. Baba yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikutupia kikombe cha uji, na homa ikapungua siku ileile, au ndivyo tulivyokuwa tukidai. Vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Kwetu ulikuwa namna ya kupendana bila kuoneana aibu. Ubaya wake tulikuja kuuona baadaye: mimi na wewe hatukuwa na lugha nyingine.

Unaikumbuka sketi yangu? Ilikuwa miaka ya tisini, tuko shule ya msingi, na baba yako, Fundi Ismaili, alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka pale sokoni. Mama alimpelekea kitambaa cha bluu anishonee sketi ya shule. Siku ya kuichukua nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, cherehani imefunikwa shuka jeupe. Sketi yangu ilikuwa mezani, upande mmoja umepindwa vizuri, upande wa pili nyuzi zinaning'inia.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole kabisa, "mimi si fundi tena."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Nililia njia nzima huku wewe ukinifuata nyuma na kunizomea. Tulipofika karibu na nyumbani ukanionea huruma, ukanipa siri ya ukoo wenu. "Ungeniuliza jana ningekuambia," ukasema. "Jana jioni aliisafisha cherehani. Kaifungua yote, kaipaka mafuta kila mahali. Kwetu mtu akishasafisha kifaa chake cha kazi, ujue anaondoka." Haikupita muda baba yako akawa mpishi wa shughuli, anaitwa harusini na hitimani mpaka Ruangwa, na pilau lake, Mungu anisamehe, lilikuwa zuri kuliko sketi zake zote. Ile yangu aliimalizia mama kwa mkono. Ikawa inapanda upande mmoja mpaka namaliza shule, na wewe ukawa unainamisha shingo kila ukiniona, eti ili uione ikiwa sawa.

Kisha ukanisimulia ya babu yako. Alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza. Siku moja akaliosha trekta lile, magurudumu, taa, hata chini ya kiti. Akaliegesha mbele ya ofisi, akauacha ufunguo juu ya kiti, akatembea kwa miguu mpaka misitu ya Kilimarondo akawa mrina asali. Mzungu wake alipoliona trekta linang'aa alimtafuta ili ampandishe cheo. Hadithi hiyo uliisimulia kila mwaka, na kila mwaka trekta lilizidi kung'aa.

Hicho ndicho nilichokijua kuhusu ukoo wenu kabla sijajua kitu kingine chochote. Hamgombani na mtu kazini, hamlalamiki, hamwagi. Mnasafisha, mnaweka chini, mnaondoka. Kwetu ni kinyume. Baba yangu alistaafu kazi ya serikali, na kesho yake asubuhi akavaa buti zake zilezile akaenda kukagua mikorosho ya watu, na wenye mikorosho wakamwonea haya kumwambia kwamba hawakumwita. Ulisema ukoo wetu umenaswa kwa ulimbo. Nilikujibu kwamba afadhali ulimbo kuliko upepo.

Tulipokuwa wakubwa mazungumzo hayo tukayahamishia kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa chuo cha uuguzi Mtwara. Wewe ulikuwa mwalimu Kilimarondo, kulekule babu yako alikokimbilia, na simu hazikushika huko. Kila mwisho wa mwezi ulishuka Nachingwea mjini, ukaingia kwenye kile chumba cha intaneti karibu na stendi, chenye pazia jekundu na feni isiyozunguka. Mimi nilikaa kwenye chumba cha aina hiyohiyo Mtwara, nasubiri jina lako liwake. Likiwaka, moyo wangu nao uliwaka, na jambo la kwanza kukuandikia lilikuwa tusi.

"Nani kakuruhusu kutoka porini?"

"Tembo. Nimeaga vizuri."

Tulichati mpaka mwenye chumba alipoanza kupiga kelele kwamba umeme una dakika zake. Uliniambia darasa lako linapungua kila mazao yakikomaa, kwa sababu watoto wanahamia shambani kufukuza ngedere na kulinda mahindi yasiliwe na tembo. "Ntani, mimi nafundisha madawati," uliandika mara moja. "Madawati yangu yana akili sana. Hayanibishii." Nilicheka peke yangu mbele ya kioo hadi mtu wa pembeni akanitazama. Nilipaswa kukuuliza unajisikiaje ukisimama mbele ya madawati. Lakini swali kama hilo ningelianzaje? Ungeniuliza nimekunywa nini.

Uliniuliza siku nyingine kama tabia ya ukoo inaweza kuruka mtu. Ulisema unajichunguza kila asubuhi kama mtu anayejichunguza upele. Baba yako aliacha cherehani akiwa bado kijana, babu yako vilevile. Nikakuambia usiogope, wewe huwezi kuondoka kwa tabia ya ukoo wenu kwa sababu ni mchafu, hujawahi kusafisha kitu. Ukanitumia yule katuni wa manjano anayecheka, ukaandika, "Basi nimepona."

Mwezi uliofuata uliniwahi. Nilipofungua, jina lako lilikuwa tayari limewaka.

"Jana nimepaka ubao," ukaandika.

Nilisoma mara ya kwanza nikaona ni habari ya kawaida. Walimu wote wa huko hupaka ubao. Nilisoma tena.

"Umepaka ubao?"

"Mweusi tii. Watoto waliobaki wamenitwangia mkaa na unga wa betri kuukuu za redio, tukachanganya na majani ya maboga. Ukisimama mbele yake unajiona."

"Na vifutio?"

"Nimevifua. Chaki nimezipanga kwenye boksi lake, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi."

Nikaikumbuka cherehani ya baba yako. Nikakuuliza unakwenda wapi. Ukasema Namungo, huko Ruangwa, kwenye dhahabu. Wenzako wawili wamepata duara, shimo lao la kuchimba, wanataka mtu wa tatu. Ukasema babu angekuwa hai angekwenda na yeye, kwa kuwa asali ya Ruangwa iko chini ya ardhi.

Nikaandika: "Usiende."

Ukajibu: "Hahaha. Mngoni anaogopa nitatajirika nimnunue."

Nikaandika: "Sitanii. Mashimo yale yanafukia watu."

Ukajibu: "Nikifukiwa si utapata shati langu la drafti? Umelitamani siku nyingi."

Nilikaa nikatazama yale maneno. Shati la drafti nililitamani kweli, nilikwambia hivyo kila ulipolivaa. Nikatafuta neno ambalo halijawahi kutumika kati yetu, neno ambalo halina mchezo ndani yake hata chembe, nikaliona moja tu. Sikuwahi kukuita jina lako. Tangu ule muhogo nilikuita ntani, Mmwera, mla panya, mtoto wa mpishi, kila kitu isipokuwa jina ulilopewa. Nikaandika kwa herufi zilizokamilika, na nukta nikaweka.

"Shaibu. Nakuomba usiende."

Majibu yako yalichelewa. Nikadhani umenielewa. Nikadhani umeinamisha kichwa kwenye kile chumba chenye pazia jekundu, unafikiri. Kisha katuni wa manjano akatokea anagaragara kwa kicheko, na chini yake maneno haya, ambayo hata leo nayaona nikifumba macho: "Leo umeniweza! Umeniita jina! Ntani, hii mpya, sijawahi kuiona, nitatafuta ya kukujibu nikirudi."

Jina lako likazimika. Sijui kama ulikatika umeme wa Nachingwea au uliondoka mwenyewe. Nilikaa palepale mpaka mwenye chumba akaniuliza kama nimelala.

Nimejiambia mara nyingi kwamba kosa lilikuwa la kompyuta. Maandishi hayana uso. Ungeniona macho ungejua, ungesikia sauti yangu inavyotetemeka ungejua. Hiyo ni faraja niliyoishikilia muda mrefu, na sasa hata hiyo imeniponyoka. Ningekuja Nachingwea kwa miguu, nikapiga magoti mbele yako stendi nikilia, ungeita watu waje waone jinsi Mngoni anavyojua kuigiza. Nami ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo.

Ulipokuwa Namungo ulinipigia mara chache, ukiwa umepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Uliniambia jioni mnacheza mpira na wewe ni golikipa, kwa sababu mtu aliyezoea shimo hatoki golini. Uliniambia chini kuna joto, na udongo unaingia hadi kwenye meno, na kwamba siku ukipata utanijengea zahanati yangu mwenyewe ili niache kuwachoma watu sindano kwa chuki. Kila mara ulirudia, "Siku ile uliponiita jina, ntani, nilicheka mpaka Nachingwea nzima ikanishangaa." Nami nilicheka. Mtu aliyekaa juu ya kichuguu anacheka, ungemwambia nini?

Simu ya baba yangu ilikuja asubuhi nikiwa zamu ya wodini. Baba ni mtu wa maneno machache. "Mwanangu, shimo la kina Shaibu limeshuka. Yumo. Bado wanachimba."

Bado wanachimba. Maneno hayo mawili ndiyo niliyopanda nayo basi. Kutoka Mtwara mpaka Masasi, kutoka Masasi mpaka Nachingwea, vumbi linaingia madirishani na mimi natunga. Unajua nilikuwa natunga nini? Matusi. Nilikuwa nakuandalia matusi ya kukupokea utakapotolewa. Nilitunga, "Mmwera gani huyu anajizika mwenyewe bila kumwita mtani wake?" Nilitunga, "Mmemfuata wa nini, si mngemwacha aote kama muhogo?" Nilikuona umekaa juu ya mkeka, mweupe kwa vumbi, unakohoa, unanitafutia jibu. Katika maisha yangu yote sijawahi kutunga vizuri kama siku ile. Abiria wa pembeni aliniuliza kama naenda harusini, kwa kuwa nilikuwa natabasamu.

Nilipofika Naipingo, kijijini kwenu, nikakuta turubai limeshafungwa na wanawake wameketi chini.

Sikusogea. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mahali wanapooshea vyombo, kanga kichwani, nikitaka nisionekane. Watu wa kwenu walianza kuulizana. Msiba ulikuwa umenyamaza vibaya, kijana kafa kifo cha ardhi, na hakuna mtani hata mmoja aliyefungua mdomo. Mama yako alikuwa ndani. Akatoka, anashikiliwa na wanawake, macho yamevimba, akasimama mlangoni na kupaza sauti.

"Ntani wetu yuwapi? Ntoto wangu atazikwa kama ntu wa njiani?"

Wote wakageuka kunitazama. Bi Somoe akanijia, akanishika mkono, mkono wake una harufu ya udi. Akaniambia taratibu, "Simama, mwanangu. Atacheka nani usipocheka wewe?" Kisha akanipa shati lako la drafti. Alikuwa amelipiga pasi.

Nikalivaa juu ya gauni langu. Lilinifika magotini. Wakati huo ulikuwa umeshaoshwa na kuvikwa sanda, na nikawaza kwamba kwenu mtu husafisha halafu akaondoka, ila safari hii waliosafisha walikuwa wengine. Wanaume walipoinua jeneza nikasimama mlangoni nikatandaza mikono. Nikasema yote niliyoyatunga kwenye basi. Niliuliza Mmwera gani anajizika mwenyewe bila kumwita mtani. Nikasema sitoki mlangoni mpaka nilipwe, nikaletewa kuku, nikamkataa, eti ni mwembamba kama marehemu. Nikatembea kama wewe, bega moja juu. Nikageukia ukuta nikaandika kwa kidole, nikawageukia waombolezaji, "Madawati, simama!" Watu wakaangua kicheko. Wanawake waliokuwa wamekauka wakacheka na machozi yakapata njia. Nilisikia mtu akisema, "Sasa msiba umekaa sawa." Nilikuwa nafanya kazi yangu, ntani, na niliifanya vizuri, na kila neno lilinikata.

Nikataka kumalizia kwa mwendo wa mchimbaji. Nikaita, "Leteni sururu yake nimwonyeshe anavyochimba kama anakuna mgongo!" Mmoja wa wenzako wawili, Chande, alikuwa ameileta kutoka Namungo pamoja na kibunda cha nguo zako. Akanipa. Nikaiinua juu.

Ilikuwa safi.

Haikuwa na chembe ya udongo. Mpini umesuguliwa, chuma kinang'aa, kimepakwa mafuta mpaka mafuta yakanishika vidoleni. Nikamuuliza Chande kwa sauti ya chini nani ameiosha. Alidhani namwingiza kwenye mchezo, akajibu kwa sauti wote wasikie.

"Mwenyewe, dada! Jioni ile kaiosha, kaisugua, kaipaka mafuta ya kula, kaiegemeza kibandani. Tukamcheka sana, tukamuuliza vipi mshikaji, unaiposa? Yeye anacheka tu. Asubuhi mwenzetu Mussa kaamka na homa, hawezi kuingia. Jamaa akasema leo namshikia Mussa, ya mwisho. Akaazima sururu ya Mussa akashuka nayo."

Ya mwisho. Chande hakujua anasema nini. Angejuaje? Si mtu wa kwenu.

Nikaiangusha ile sururu. Nikapiga ukelele wa jina lako, "Shaibu! Shaibu!" Nikaanguka chini ndani ya shati lako na kugaragara kwenye vumbi la uwanja wenu, nikiomba usubiri. Na watu wakacheka, ntani. Walicheka kuliko wakati wote. Wakapiga makofi. Walisema Wangoni ni watani wa kweli, tazama anavyomlilia kama mke. Mtu mmoja akaniletea kuku mwingine, mnene. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyofurahi, na jeneza likapita pembeni yangu likaenda.

Mmoja tu hakucheka. Bi Somoe alikuwa ameiokota sururu, anaipitisha kidole kwenye chuma. Alinusa kile kidole. Alikuwa amekaa miaka mingi katika ukoo ule, alimwona mumewe na cherehani, aliisikia ya trekta. Akanitazama, nami nikamtazama.

Sasa mimi ni muuguzi hapa Ruangwa. Nilipewa nafasi ya kuhama, nikakataa. Unajua tabia ya kwetu. Wachimbaji wanaletwa wakiwa na kifua, wakiwa na vidole vilivyopondwa, na ninawafunga vidonda bila kuwatania. Siwezi tena. Wazaramo, Wamakonde, Wayao, kila mtu anataka utani na Mngoni, nami nimekuwa mtu mkavu, wanasema nina majivuno. Mtu akinichokoza namjibu sawasawa, kwa sentensi iliyokamilika na nukta yake, naye anaondoka ameudhika. Siku moja moja namuuliza mgonjwa kama sururu yake ni chafu. Akisema chafu, nafurahi, kisha najichukia kwa kufurahi.

Watu huniuliza kama nilikuwa mpenzi wako. Tungehitaji lugha nyingine ili tujue.

Ninachotaka kukuuliza ni kimoja. Ulikuwa unakwenda wapi? Ulikuwa unarudi kwenye madawati yako? Ulikuwa na kazi nyingine mpya kichwani, useremala, upishi, asali? Au uliniamini? Labda juu ya kile kichuguu, au kibandani siku ambayo hupati usingizi, ulikumbuka kwamba nilikuita jina, na kicheko kikakuishia, ukasema, ala, kumbe huyu alikuwa ananiomba. Nikiwaza hivyo, siku moja napata faraja. Kesho yake wazo hilohilo linaniua, maana kama uliniamini, uliniamini kwa kuchelewa asubuhi moja. Sina njia ya kujua. Jina lako bado limo kwenye kompyuta, rangi ya majivu. Niliwahi kuandika pale, "Ulikuwa unakwenda wapi?" Nikasubiri mpaka umeme ukakatika.

Mwezi uliopita nilikwenda Naipingo kumwona mama yako. Amezeeka, anatembea na fimbo. Tulipika, tukala, nikamwoshea vyombo. Sururu yako imetundikwa ukutani juu ya kitanda chake, imeliwa na kutu mpaka imekuwa nyekundu, na buibui ameweka makazi. Iliniuma. Nikachukua kitambaa na mafuta kidogo, nikapanda kwenye kigoda ili niifute.

Bi Somoe akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Iache hivyohivyo na uchafu wake, mwanangu," akasema. "Ukiisafisha, ataondoka."

Nikashuka kwenye kigoda. Tukakaa kitandani chini yake, mimi na yeye, mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo kaa, Shaibu. Nimekuita jina. Naomba safari hii usicheke.

Ntani wako,
binti wa bwana shamba